Wasomaji Wanauliza: Jigso, Anga ya Buluu na Kipande Kilichopotea

Katika toleo lililopita tuligusia michezo ya kuchezea nyumbani wakati wa masika, na jigso, yaani ile picha iliyokatwa vipande ili mchezaji aiunganishe upya, ikapata aya moja tu. Barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba aya hiyo haikuwatosha wasomaji. Tumechagua barua saba, tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Tanga. Binti yangu aliye Uingereza aliniletea jigso ya vipande 1000 yenye picha ya bandari, mashua na anga pana. Mashua nimezimaliza, lakini anga imenishinda kwa kuwa kila kipande ni cha buluu. Isitoshe, wenzangu wa barazani wananicheka kwamba nimerudi chekechea. Je, huu ni mchezo wa watoto? Na hiyo anga niikabili vipi?

Shikamoo, mwalimu. Tuanze na wenzako wa barazani, kwa sababu wana nusu ya ukweli. Jigso za mwanzo zinazojulikana vizuri zilikuwa kweli za watoto: katika miaka ya 1760 mchongaji wa ramani wa London aitwaye John Spilsbury alibandika ramani juu ya ubao wa mahogani, akaikata kwa kufuata mipaka ya nchi, na akawauzia wazazi wenye uwezo kama kifaa cha kufundishia jiografia. Watoto wa Mfalme George III nao walisomeshwa kwa ramani za namna hiyo. Kwa hiyo, ukiulizwa tena, waweza kujibu kwamba mchezo huu ulianza kama kazi ya walimu, nawe umerudi kazini.

Nusu ya pili ya ukweli wenzako hawaijui. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 watu wazima wa Marekani na Uingereza walikuwa wakinunua jigso za mbao zilizokatwa kipande kimoja kimoja kwa msumeno, na bei yake ilikuwa ya matajiri. Kilichoufikisha mchezo huu kwa watu wa kawaida ni kadibodi pamoja na mashine ya kukatia vipande vyote kwa mkandamizo mmoja. Wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi wa Marekani, watu wengi wakiwa hawana ajira na jioni zao zikiwa ndefu, jigso za kadibodi ziliuzwa kwa senti chache, na mwanzoni mwa 1933 mauzo yalikadiriwa kufikia visanduku milioni 10 kwa wiki. Maduka ya dawa na maktaba yalikuwa yakizikodisha. Waliokuwa wakizikodi, mwalimu, wengi wao walikuwa wazazi, na baadhi walikuwa na wajukuu.

Sasa tuje kwenye anga. Hesabu kwanza ukingo wako, maana wengi hulaumu anga kumbe kosa liko pembeni. Jigso za vipande 1000 kwa kawaida hupangwa vipande 40 kwa 25, au 38 kwa 27. Mpangilio huu wa pili, ukizidisha, utaona una vipande 1026, ingawa kisanduku kimeandikwa 1000. Mipangilio yote miwili ina vipande 126 vya ukingo, kona nne zikiwamo. Kama wako umefunga ukiwa na 125 au 127, basi kuna mahali umelazimisha kipande kisicho chake, na safu zote za anga zinazoanzia hapo zitakuwa zimeteleza kwa nafasi moja.

Baada ya hapo, chukua vipande vyote vya anga, vigeuze uso juu na uvitandaze kwenye sinia mbili au tatu karibu na dirisha asubuhi, kabla jua halijawa kali. Anga iliyopigwa picha huwa haina rangi moja tu. Karibu na upeo wa bahari huwa imepauka na kuelekea weupe, na kadiri unavyopanda juu huzidi kukolea, hivyo vipande vinavyofanana chini ya taa ya umeme vitajitenga vyenyewe katika mwanga wa mchana. Tenga makundi matatu ya ukolevu, si zaidi, kwani ukitenga manane utakuwa umejitungia jigso nyingine ndani ya hiyo uliyo nayo.

Macho yakishachoka na rangi, hamia kwenye maumbo. Kila kipande cha ndani kina pande nne, na kila upande una ama ulimi uliotokeza ama pengo la kupokea ulimi, kwa hiyo maumbo yote yanayowezekana ni sita tu: ndimi nne, ndimi tatu, ndimi mbili zinazotazamana, ndimi mbili zilizo jirani, ulimi mmoja, na kipande kisicho na ulimi hata mmoja. Vipange kwa mafungu hayo. Ndimi mbili zinazotazamana litakuwa fungu kubwa kuliko mengine, kwa maana katika jigso nyingi za kiwandani hilo ndilo umbo la kawaida, lakini hata hivyo utakuwa umelipunguzia kila pengo idadi ya vipande vya kujaribu. Chagua pengo moja, angalia linahitaji umbo gani, kisha jaribu vipande vya fungu hilo kimoja baada ya kingine bila kuruka. Kazi hiyo inachosha, sikufichi, na wapo wanaoiona kuwa si mchezo tena. Mimi naiona kuwa sehemu tamu kuliko zote, kwa sababu mashua hujiunga kwa kuangalia tu, ilhali anga huitaka mikono yenyewe ijue umbo la kipande.

Jambo la mwisho kuhusu anga: katika eneo la rangi moja kipande kisicho chake kinaweza kuingia vizuri na kukudanganya siku nzima. Ukishuku, inua vile vipande viwili vilivyoungana, uvielekeze kwenye mwanga na utazame kiungo chake kwa nyuma. Vipande vilivyokatwa pamoja hubana kiasi kwamba mwanga hupenya kidogo sana, tena kwa usawa, lakini vile vilivyokutanishwa kwa bahati huacha mwanya upande mmoja.

Nina mtoto wa miaka mitatu, tunaishi Eldoret. Nimemnunulia jigso ya vipande 24 lakini hucheza kidogo, hukasirika, kisha huitupa. Je, ni kweli kwamba jigso humwongezea mtoto akili? Na je, nimsaidie au nimwache?

Mama mpendwa, vipande 24 ni vingi kwa mtoto wa miaka mitatu anayeanza. Mpe vya vipande vinne hadi kumi na viwili, vikubwa na vinene, na kama utapata vya mbao vyenye vishikio juu yake, vitamfaa zaidi. Hicho cha 24 kiweke kabatini hadi hapo baadaye.

Kuhusu akili, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 2012 utafiti ambamo waliwatembelea watoto 53 nyumbani kwao mara kadhaa, tangu walipokuwa na umri wa miezi 26 hadi miezi 46, na kuwarekodi wakicheza na wazazi wao kama ilivyo kawaida yao. Walipowapima wakiwa na miezi 54, wale walioonekana wakicheza jigso walifanya vizuri zaidi katika zoezi la kufikiria jinsi maumbo yanavyogeuka na kuungana. Naomba ulipime jambo hili kwa uangalifu: watafiti hao walitazama tu, hawakuwagawia watoto jigso ili waone tofauti, kwa hiyo haiwezekani kusema kwa uhakika kwamba jigso ndiyo iliyosababisha. Tena uwezo uliopimwa ni ule wa maumbo na nafasi, ambao ni sehemu moja tu ya hicho tunachokiita akili.

Kuhusu kumsaidia, msaidie kwa kinywa kuliko kwa mkono. Mwambie "kigeuze", "kiko upande wa juu", "tafuta chenye ukingo ulionyooka", halafu umwachie yeye akiweke. Mzazi anayekiweka kipande mwenyewe humaliza haraka, naye mtoto huondoka akijua kwamba huo ni mchezo wa mama. Kama nyumbani kuna mdogo wake asiyefikia miaka mitatu, vipande vidogo visibaki sakafuni, kwa kuwa vinaweza kumkaba koo.

Mama yangu ana miaka 68, tuko Dodoma. Ameanza kusahau mambo. Nimesoma mtandaoni kwamba jigso huzuia ugonjwa wa kusahau. Ninunue ya vipande vingapi?

Ndugu yangu, kabla ya kununua chochote mpeleke mama hospitali, kwa sababu kusahau kunaweza kuletwa na mambo mengi, na baadhi yake, kama vile upungufu wa vitamini, matatizo ya tezi au athari za dawa anazotumia, yanatibika yakigunduliwa mapema.

Hayo uliyoyasoma yametiwa chumvi. Mwaka 2018 watafiti wa Ulm, Ujerumani, walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha watu 100 wenye umri wa kuanzia miaka 50, wote wakiwa na afya njema ya akili, ambapo baadhi yao walipangiwa kucheza jigso angalau saa moja kwa siku kwa siku 30. Mwisho wake hawakuonekana kuwapita wenzao kwa kiasi chenye maana. Kilichoonekana ni kwamba waliokuwa wamecheza jigso kwa miaka mingi maishani walipata alama nzuri zaidi katika vipimo vya uwezo wa akili. Lakini huenda wenye uwezo huo ndio wanaoupenda mchezo huu tangu awali.

Ukitaka kumnunulia kwa ajili ya kumfurahisha, hiyo ni sababu tosha, wala haihitaji kuungwa mkono na utafiti wowote. Mchagulie vipande 100 au 200 vikubwa, na picha ya kitu anachokifahamu, kwani mtu aliyelima maisha yake yote ataungana na picha ya shamba upesi kuliko na picha ya theluji ya Uswisi. Kisha ukae naye mezani.

Mimi ni kijana wa Nairobi. Jigso mpya ni ghali kwangu, kwa hiyo hununua za mitumba. Nitajuaje kama zimekamilika? Na mbona mara nyingine kipande cha jigso moja huingia sawasawa katika jigso nyingine?

Huwezi kujua kwa hakika bila kuhesabu, na hakuna muuzaji atakayekusubiri uhesabu vipande 1000 juu ya meza yake. Tazama dalili: kisanduku kilichofungwa kwa gundi ya karatasi mara nyingi tofauti, vipande vilivyochanika ndimi, au vumbi la kadibodi chini, vyote huonyesha kwamba jigso hiyo imepitia mikono mingi. Vipande vilivyotiwa katika mfuko wa ndani na kufungwa fundo huonyesha kwamba mwenyewe alikuwa mtunzaji. Toa bei kana kwamba kipande kimoja hakipo, na kikiwapo utakuwa umepata faida.

Swali lako la pili ni zuri. Kiwandani picha hubandikwa juu ya kadibodi, kisha hukandamizwa na kiunzi kilichopangwa mapanga membamba ya chuma yaliyokunjwa kwa kufuata umbo la kila kipande. Kutengeneza kiunzi hicho ni kazi ya mikono inayochukua muda mrefu, kwa hiyo kampuni hukitumia kimoja kwa picha nyingi. Jigso mbili za kampuni moja zilizokatwa kwa kiunzi kimoja zina vipande vyenye maumbo yaleyale mahali palepale. Yuko msanii wa Marekani, Tim Klein, anayeitumia hali hii kuunganisha picha mbili ziwe moja ya ajabu. Kwako wewe ina faida iliyo karibu zaidi: ukipata kwa bei ndogo jigso mbovu ya kampuni ileile na yenye idadi ileile ya vipande, huenda kipande unachokikosa kimo humo, na kitakachobaki ni kukipaka rangi.

Ninaishi Mombasa. Jigso zangu hulainika na kuvimba wakati wa mvua. Nizitunze vipi? Na je, nikimaliza nizigandishe kwa gundi na kuzitundika ukutani?

Kadibodi ni matabaka ya karatasi yaliyobandikwa pamoja, na hewa ya pwani huyapenya kupitia kingo zilizokatwa, ambazo katika jigso ni nyingi kuliko katika kadibodi ya aina nyingine yoyote. Ndiyo maana vipande huvimba, kisha hukataa kuingiana. Viondoe kwenye kisanduku chake na uvitie katika kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Picha ya kifuniko ikate uiweke humo humo. Vikishalainika usivianike juani, kwa sababu jua hukausha upande mmoja kuliko mwingine, kipande kikajikunja na rangi yake ikafifia. Vitandaze chumbani penye feni hadi vikauke.

Kuhusu gundi, wasomaji watanisamehe, lakini mimi sipendi. Jigso iliyogandishwa ni picha ya ukutani yenye mistari, na kama ulitaka picha ya ukutani ungenunua isiyo na mistari kwa bei nafuu. Jigso hupendeza ikivunjwa, ikarudishwa kwenye kopo, ikampitia jirani, shangazi na mwenzako wa kazini, kila mmoja akiacha ndani yake kikaratasi cha kueleza alichokiona: "kipande kimoja cha paa la msikiti kimepotea", "usianze na majani". Ila kama ni ya ukumbusho, labda picha ya harusi iliyochapishwa kwa namna hiyo, basi iunganishe juu ya karatasi ya nta, tumia gundi nyeupe ya seremala iliyopunguzwa kwa maji kidogo, na upake tabaka jembamba juu. Ikikauka, igeuze upake na nyuma, kisha uilaze chini ya ubao mzito usiku kucha. Maji yakizidi itajikunja, na katika hewa ya Mombasa hutaweza kuikunjua.

Je, kuna mashindano ya dunia ya jigso? Natoka Arusha, na nyumbani hakuna anayenishinda kwa kasi.

Yapo. Tangu mwaka 2019 mashindano ya dunia hufanyika katika mji wa Valladolid, Hispania, yakiwa na sehemu ya mtu mmoja mmoja, ya watu wawili na ya timu. Anayeshindana peke yake hupewa jigso ya vipande 500 ambayo hajapata kuiona. Bingwa wa kwanza, Jana Hanzelková wa Jamhuri ya Cheki, aliikamilisha kwa chini ya saa moja, kwa hiyo jipime nyumbani kwa saa ya ukutani kabla hujaulizia nauli. Kama unapenda ukubwa kuliko kasi, wanafunzi wa chuo kikuu cha uchumi cha jiji la Ho Chi Minh, Vietnam, waliunganisha mwaka 2011 jigso ya vipande 551,232. Mambo hayo ni ya kustaajabisha, ingawa mimi sioni kwa nini mtu aiharakishe raha yake.

Mimi ni seremala wa Morogoro. Mteja, mwenye shule ya awali, ameniomba nimtengenezee jigso ya ramani ya Tanzania ya mbao, ikatwe kimkoa. Nitumie mbao gani, na kuna la kuangalia?

Fundi, umepewa kazi ileile ya Spilsbury, na njia yake bado inafaa. Tumia plaiwudi ya milimita 4 hadi 6 isiyo na mashimo ndani, kwa maana tabaka lenye shimo hupasuka pale pale msumeno unapogeuka. Bandika ramani kwa gundi iliyopakwa eneo lote bila kuacha mapovu, ikandamize chini ya uzito hadi ikauke kabisa, na upake vanishi kabla ya kukata ili karatasi isichanike. Chunguza meno ya msumeno wako yanaelekea wapi. Mashine ya mkononi kwa kawaida hukata ikipanda na huchana uso wa juu, kwa hiyo ukiitumia hiyo, ramani ilale chini na mipaka uichore kwa nyuma ikiwa imegeuzwa kushoto kulia. Msumeno wa upinde wenye bleidi nyembamba, meno yakielekea chini, utakupa kona nzuri zaidi, ingawa utakuchelewesha. Kingo zote zipitie msasa hadi zisimchome mtoto.

Ugumu wenyewe uko kwenye ukubwa wa mikoa. Nchi yetu ina upana wa takriban kilomita 1,200, kwa hiyo ukichora ramani ya sentimita 60, kila sentimita itabeba kilomita 20. Tabora, yenye kilomita za mraba zipatazo 76,000, itakuwa kipande cha sentimita za mraba 190, kinachojaa kiganja. Dar es Salaam, yenye kilomita za mraba zipatazo 1,400, itakuwa na sentimita za mraba tatu na nusu tu, na Mjini Magharibi itakuwa ndogo zaidi ya hapo. Vipande kama hivyo mtoto wa chekechea atavitia kinywani. Mweleze mteja achague moja kati ya mawili: ama ramani iwe ya mita moja na ushee, ama Dar es Salaam iunganishwe na Pwani, Unguja iwe kipande kimoja na Pemba kingine. Na bahari usiisahau. Chonga ubao wa chini wenye kingo, upake buluu upande wa mashariki, na utoboe nafasi za visiwa kwa kina cha kutosha, kwa sababu Unguja na Pemba hazina mkoa jirani wa kuzishikilia, na ubao ukiinamishwa kidogo zitateleza hadi chini ya meza.